Mashine Yenye Vifuniko Viwili

Mnyororo ulikuwa na meno thelathini na sita, na kila jino lilikuwa limenolewa hadi likabaki dogo kama punje ya mchele. Fundi Meno aliupakata msumeno wake wa injini mapajani akapitisha tupa. Mara tatu kila jino, basi. Ya nne ingekula chuma bure, na chuma kilichobaki hakikutosha kuliwa bure. Alikuwa amekaa juu ya gogo nyuma ya tanuri la mikate, kwenye uwanja ambako wakata kuni wa mji ule walifanyia kazi, na unga wa mbao ulikuwa umemjaa hadi kwenye kope.

Jina la Meno alilipata kwa kunoa. Mgeni mmoja aliwahi kumfuata pale ameshika shavu, machozi yanamlenga, akitaka ang'olewe gego. Watu wa uwanjani walicheka wiki nzima.

Msumeno wenyewe ulikuwa mzee. Aliununua miaka kumi na mmoja nyuma kutoka kwa msimamizi wa kampuni ya barabara, siku kampuni ilipokuwa ikifungasha kuondoka. Mpini ulivunjika, akaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kifuniko cha chujio kilipotea, akachonga kingine kwa bati la kopo la rangi. Lakini injini ilikuwa ileile iliyotoka kiwandani. Ukivuta kamba mara mbili inaitika kwa sauti nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, kama mtu anayesafisha koo. Mkewe alikuwa akiisikia kutoka jikoni kwake, mitaa miwili mbali, akajua mumewe ameanza kazi.

"Pisheni, pisheni," sauti ilisema. "Nimembeba bibi harusi."

Alikuwa msukuma mkokoteni wa pale, ambaye wote walimwita Breki kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo. Juu ya mkokoteni kulikuwa na sanduku la karatasi ngumu, na nyuma yake alitembea shemeji, mdogo wake mke wa Fundi Meno, amevaa kofia ngumu ya rangi ya chungwa yenye wavu wa kukinga uso.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Tupa haikusimama.

"Mradi wa kugawa misumeno umenikumbuka."

"Nimeona."

"Watu kumi na wawili tu, mji mzima."

"Nimesikia."

Shemeji alifungua sanduku. Msumeno uliomo ulikuwa wa rangi ileile ya chungwa, unang'aa, na mnyororo wake ulikuwa na meno marefu, mapana, ambayo hayajaonja mti. Wakata kuni walisogea. Mmoja alinusa plastiki yake. Fundi Meno aliangalia meno yale mara moja tu, akarudi kwenye yake. Akajikuta hajui ameishia jino la ngapi.

"Fundi, mbona tupa imekwama?" Breki aliuliza. "Au jino limekuuma?"

Walicheka. Shemeji naye alicheka, halafu akaacha.

Kwa miaka tisa shemeji alikuwa mpasuaji wake. Fundi anakata magogo vipande, shemeji anapasua kwa shoka, Breki anapeleka kwa mwokaji. Shemeji alikuwa na mabega ya kazi hiyo na hakuwa mvivu. Msumeno aliruhusiwa kuushika mara chache, Fundi akiwa amechoka. Mafuta hakuruhusiwa kuyagusa kabisa. Fundi aliyachanganya nyumbani kwake, nyuma ya bafu, katika chupa ya maji aliyoichora mistari kwa msumari: oili hadi mstari wa kwanza, petroli hadi shingoni. Alifika uwanjani na chupa imeshafungwa kwenye kipande cha gunia. Alisema ni kuokoa muda. Ukweli ni kwamba mtu akishajua kukata, kunoa na kuchanganya, anakuhitaji wewe kwa lipi?

Mchana alipokwenda kula, mkewe alikuwa hajakaa chini tangu asubuhi.

"Umeiona?" alimuuliza kabla hajanawa.

"Nimeiona."

"Mama amelia. Anasema hakuwahi kufikiri mwanawe atamiliki kitu chenye injini."

"Mimi ninamiliki chenye injini."

"Wewe, baba, tumekuzoea." Aliweka sahani mezani. "Usinune basi. Ni mdogo wangu, si mwizi."

Alinawa, akala. Hakuwa amemwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya mradi. Alifika ofisini geti halijafunguliwa. Bwana Misitu, afisa aliyegawa fomu, alisoma ya kwake huku akinywa chai. "Una mashine?" Alijibu kwamba anayo, ila imechoka. "Mradi ni wa wasio nazo," Bwana Misitu alisema, akaiweka fomu upande wa kushoto. Shemeji alijaza ya kwake siku ya mwisho. Alikuwa hana kitu, na jioni alicheza bao na katibu wa kamati ya mradi.

Sasa tangazo lilikuwa limegongomelewa ubaoni: kila msumeno wa injini usajiliwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa risiti ya ununuzi, ili kulinda misitu.

Alikwenda kwa Bwana Misitu na karatasi aliyokuwa nayo. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi ikapasuka kwenye mikunjo, na mwandiko wa yule msimamizi ulikuwa umefifia.

"Hii ni barua," Bwana Misitu alisema. "Mimi nimesema risiti."

"Ndiyo aliyonipa, bosi."

"Mwambie akupe risiti."

"Kampuni iliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita."

"Kwa hiyo unakuja kunilalamikia mimi?"

Nje ya dirisha lori lenye magogo manene, marefu, yenye magome mabichi, lilipunguza mwendo getini. Mlinzi alinyanyua kizuizi bila kuinuka kwenye kiti. Lori likapita. Bwana Misitu alisubiri kelele ziishe.

"Nikusaidie," alisema. "Kikundi cha mradi, cha shemeji yako, kina usajili. Andikisha mashine yako iwe mali ya kikundi, wewe uwe mfanyakazi wao. Yeye ndiye mwenyekiti. Anaweka saini, mambo yanakwisha hapa hapa."

"Nikawe kibarua wa mtu niliyemfundisha kubeba gogo?"

"Mimi sijui ulimfundisha nini. Ninajua nani ana risiti."

Fundi Meno aliikunja karatasi yake kwenye mikunjo ileile, akaaga.

Siku iliyofuata shemeji aliingiza mashine kazini. Mradi ulikuwa umewafanyia semina ya siku moja. Walipewa soda, walipigwa picha na kofia, wakasaini mahudhurio. Mtaalamu wa kuwaonyesha namna ya kuitunza hakutokea, ila jina lake nalo lilisainiwa. Kitabu cha maelekezo kilikuwemo sandukuni, kimeandikwa kwa lugha tano, na hakuna hata moja iliyosomeka pale uwanjani.

Shemeji alichuchumaa mbele ya mashine na dumu la petroli.

"Shemeji, vifuniko viko viwili, kama kwako. Hiki petroli, hiki oili ya mnyororo. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi nimeelewa." Alifungua cha kwanza, akasita. Petroli ndani ya dumu ilikuwa nyeupe kama maji ya kisima. Aliangalia chupa ya Fundi, iliyosimama kwenye kivuli cha gogo. "Lakini ya kwako siku zote ina rangi. Kama ukijani ukijani. Kwa nini?"

Fundi Meno alikuwa amepiga goti, anakaza mnyororo. Aliinua macho. Alichokiona kwanza ni glovu. Glovu za ngozi, nene, zenye nembo ya mradi mgongoni. Yeye alikuwa na mikono mitupu tangu aanze kazi hii, na kidole chake kimoja hakikuwa na ukucha.

"Yangu ni nzee," alisema. "Mashine nzee lazima itiwe dawa. Hiyo yako ni mpya. Inaumwa nini?"

"Nilidhani hivyo hivyo," shemeji alisema, akamimina petroli tupu.

Ilifanya kazi vizuri. Hilo ndilo lililomshangaza Fundi, ijapokuwa alijua. Ilizama kwenye gogo kama kisu kwenye sabuni, bila moshi, na vipande vilianguka upesi kuliko Breki alivyoweza kupakia. Mwokaji alitoka mlangoni na mikono yenye unga, akatazama. Alimwambia shemeji ampelekee mzigo wa kesho pia. Mzigo wa kesho siku zote ulikuwa wa Fundi Meno.

"Baba, umri umefika," Breki alimwambia Fundi alipopita na mkokoteni. "Kaa nyumbani ulee wajukuu."

"Sina mjukuu."

"Basi lea mashine."

Fundi aligeukia gogo la shemeji. Alikuwa anasikiliza. Tangi la kwanza liliisha, shemeji akajaza la pili. Kabla halijafika nusu sauti ilianza kupanda. Wengine hawakuisikia, au waliisikia wakadhani ni nguvu. Ilipanda ikawa nyembamba, kali, kama mtu anayelia puani, na nguvu ikapungua huku kelele zikiongezeka. Fundi Meno alisimamisha ya kwake ili asikie vizuri. Aliifurahia, akaiacha ilie.

Mashine ikakata kelele ghafla, bapa lake la kubeba mnyororo likiwa limebanwa katikati ya gogo.

Shemeji alivuta kamba. Haikutoka hata kidogo. Alivuta tena kwa mabega yake yote, na mashine nzima ikainuka na gogo.

"Imefanya nini, shemeji?"

"Sijui za kisasa, mimi."

"Naomba yako basi, nimalizie hili la mwokaji. Hili moja tu."

"Yangu mgonjwa," Fundi Meno alisema. "Itakuambukiza."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Gari la idara ya misitu lilikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Bwana Misitu alishuka na askari wawili. Alimpita kila mtu akaja moja kwa moja.

"Kibali."

"Mwezi haujaisha, bosi."

"Nimeuliza kibali, sijauliza tarehe."

Askari mmoja alishika mpini uliofungwa mpira. Fundi Meno hakuuachia mara moja. Walivutana kidogo, kimya kimya, kama watu wawili wanaogombea kiti kwa adabu. Halafu akauachia, maana injini ilikuwa bado ya moto na ingeweza kuanguka.

"Nipeni basi karatasi kwamba mmeuchukua."

Bwana Misitu aliufunga mlango wa gari. "Kitu kisicho na risiti nikiandikie risiti?"

Shemeji alisimama kando ya mashine yake iliyokufa, kofia mkononi. Alionekana kutaka kusema neno. Fundi Meno alimpita akaenda kuokota tupa yake.

Alhamisi walimwita stoo ya idara. Alivaa shati safi. Mkewe alimwambia, "Unaona, wamefikiria upya," naye njiani akaamini nusu.

Ndani kulikuwa na meza ndefu chini ya dirisha. Upande mmoja uliwekwa msumeno wa shemeji. Upande wa pili, wa kwake.

"Mheshimiwa anakuja Jumamosi kuona mradi," Bwana Misitu alisema. "Shemeji yako ndiye atakayeonyesha kazi. Hii mashine imekufa. Watu wanasema wewe ndiye pekee unayezijua kwa ndani."

Fundi Meno alifungua bolti, akatoa ekzosi, akachungulia. Pistoni ilikuwa imechubuka upande mzima kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto. Petroli bila oili; hakuhitaji kuangalia mara ya pili.

"Imekufa kwa nini?"

Fundi Meno aliilaza ekzosi mezani.

"Niambie kama kuna mkono wa mtu humu," Bwana Misitu alisema. "Mali ya mradi ikihujumiwa, mtu analala ndani. Na kesi nitaifuatilia mwenyewe."

"Vumbi, bosi."

"Vumbi?"

"Unga wa mbao. Umeingia ndani."

"Sawa. Silinda na pistoni, kiwanda kiko mbali. Lakini nimeambiwa hizi za mradi zimeigwa kwenye aina ya hiyo yako. Vya ndani vinaingiliana. Ni kweli?"

Angeweza kusema si kweli. Alifikiria. Lakini mlangoni alikuwa amesimama kijana wa stoo aliyewahi kufanya kazi gereji, naye alikuwa ameshaangalia.

"Ni kweli."

"Basi toa humu, weka humu."

Alifanya kazi hadi saa tisa. Hakukosea hata bolti moja. Mikono yake ilijua kila kitu humo, pamoja na gasketi aliyoikata kwa bati la kopo la samaki mwaka wa mafuriko, na alipofika kwenye gasketi hiyo aliihamisha pia, kwa sababu bila hiyo injini ingevuja. Pistoni yake ilikuwa nyeusi juu, laini pembeni. Miaka kumi na mmoja, na haina mchubuko. Aliifuta kwa shati lake safi.

Ili kuijaribu alitumia mafuta ya chupa yake mwenyewe. Alivuta mara mbili. Ndani ya lile ganda la rangi ya chungwa, sauti nzito iliitika na kusafisha koo.

Bwana Misitu aliachia tabasamu. "Mashine ya mradi haifi."

Aliamuru tangi limwagwe, kwa kuwa stoo haikuruhusiwa kulaza kitu chenye mafuta.

"Na wangu, bosi?"

"Wako upi?"

Waliitazama meza wote wawili.

"Bapa na mnyororo vinabaki, akiba ya mradi," Bwana Misitu alisema. "Hilo ganda ondoka nalo. Halihitaji kibali."

Alitembea nalo kwapani mji mzima. Mkewe alilipokea mlangoni, likawa jepesi mno mikononi mwake. Aliligeuza, akaona tundu. Aliliweka chini ya meza, akalifunika kwa kitambaa.

Alikuwa na Alhamisi jioni na Ijumaa nzima ya kumwambia shemeji. Neno lenyewe lilikuwa fupi: tia oili kwenye petroli. Mara mbili alikwenda hadi uani kwake. Mara zote mbili aliikuta kofia ya chungwa imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, imepanguswa, na mama mkwe amekaa chini yake akipokea pongezi za majirani. Mara ya kwanza alisema amepita tu. Mara ya pili aligeuka, akarudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi alikwenda nyuma ya bafu. Oili hadi mstari wa kwanza, petroli hadi shingoni. Akatikisa hadi rangi ikakolea. Aliifunga chupa kwenye kipande cha gunia akaenda.

Uwanja wa shule ulikuwa umezungushiwa kamba. Upande wa ndani kulikuwa na turubai, viti, na rundo la magogo ya kuni za jiko la shule. Familia za wanufaika zilikaa safu ya pili. Mkewe alikuwa hapo, na mama yake, wamevaa vizuri. Wakata kuni wengine walisimama nje ya kamba.

"Simama hapo, mzee," askari alimwambia.

"Nina neno na shemeji yangu. Yule mwenye kofia."

"Hapo kwenye gunia kuna nini?"

Askari alifunua, akanusa, uso wake ukabadilika.

"Unaleta petroli kwa Mheshimiwa?"

"Ni ya mashine. Ile mashine inataka hii. Nimeitengeneza mimi."

"Mashine ina mafuta yake. Una bahati nimekukuta mimi." Alimpa mwenzake chupa, na mwenzake akaenda kuimwaga kwenye mtaro. Ilichukua muda kuisha.

Katikati ya uwanja shemeji alichuchumaa mbele ya kamera na dumu jipya lenye nembo. Alimimina kwa uangalifu, asidondoshe hata tone. Jua lilipenya kwenye petroli ile inayoshuka. Ilikuwa nyeupe, safi.

"Shemeji," Fundi Meno aliita. "Weka chini. Weka chini kwanza."

Spika zilikuwa zinapiga muziki. Shemeji aliinua kichwa, akamtafuta, akamwona. Uso wake ulifunguka wote. Aliinua glovu akampungia, kama mtu aliyesubiri siku nyingi kusamehewa, halafu akavuta kamba.

Iliwaka alipovuta mara ya pili. Nzito, na mkwaruzo mdogo mwishoni.

Safu ya pili, mkewe aliacha kupiga makofi. Aligeuka kwenye kiti, akaanza kutazama upande wa wakata kuni, uso mmoja baada ya mwingine.

Gogo la kwanza likaisha. La pili. Wapiga picha waliomba arudie, akarudia. Mheshimiwa alisogea, akashika mpini pamoja naye, wakakata la tatu wote wawili wakitazama kamera. Shemeji alijaza tena. Askari alikuwa ameweka mkono kifuani pa Fundi Meno, hamsukumi, ameuweka tu.

"Tulia, mzee. Kwani ile mashine ni ya nani?"

Fundi Meno alikuwa anasikiliza. Mkewe bado alikuwa anamtafuta, na sauti ya injini ilikuwa imeanza kupanda.